Asumini ya Chini ya Mlizamu

Khalati, dada yake mama yangu, alinipigia simu Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, saa tisa alasiri. Hata hali hakunijulia sawasawa. "Mwanangu, njoo uzitazame asumini zangu. Zimepigwa jicho."

Khalati yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe ya zamani, yenye roshani ya nyuma inayotazama ua. Desemba alinunua miche mitatu ya asumini kwenye kitalu cha kando ya barabara, akaipanda vyunguni na kuipanga roshani. Alikuwa na kusudi lake. Mjukuu wake alikuwa aolewe Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi ya Kuchinja, na khalati alikwisha kusema mbele ya watu kwamba kikuba cha bibi harusi hakitatoka sokoni, kitatoka kwake. Kwa aliyekulia mbali na pwani, kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, asumini na rehani na mkadi, ambacho mwanamke hukibana nguoni au nyweleni. Harufu yake ndiyo inayokumbukwa baada ya harusi kwisha. Kwa hiyo maua haya hayakuwa pambo la roshani tu.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nilikosea mara tatu kabla ya kupata, na kila kosa lilionekana sawa siku ile nilipolifanya. Watu wengi wanaopanda vyunguni hapa Mombasa hupita njia hiyohiyo, mwisho wakakata tamaa na kusema mkono wao hauoteshi. Mkono hauna kosa.

Nilipofika niliona vyungu viwili roshani. Majani yalikuwa yameungua pembeni. Kingo zilikuwa za rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, kavu, ukizigusa zinavunjika, na kati ya sehemu iliyoungua na sehemu ya kijani palikuwa na mstari ulionyooka kama uliochorwa. Majani ya chini, yaliyo makongwe, ndiyo yaliyoumia zaidi. Yale machanga ya juu hayakuungua, lakini yalikuwa ya manjano, na mishipa yake imebaki kijani kama ramani. Kwenye vifundo vya matawi mlikuwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofanana na pamba, na sisimizi wakipanda na kushuka.

"Na cha tatu kiko wapi?" nikauliza.

"Kile paka alikiangusha Januari, kikapasuka ubavu. Nimekiweka uani, chini ya mlizamu, kingoje taka. Kile nimeshakisamehe."

Sikukitazama. Niliposhuka nilikipita pale uani, chini ya ule mfereji unaoshusha maji ya mvua kutoka paani, bila hata kukigeuzia macho.

Kuhusu jicho, khalati alikuwa na mtu wake. Jirani wa chini alikuwa amesimama uani mwezi wa Januari, akainua uso na kusema kwa sauti, "Khalati, asumini zako zimeshamiri hizo!" bila kutaja masha Allah. Wiki mbili baadaye majani yakaanza kuungua. Tangu hapo khalati alikuwa akiitikia salamu za jirani yule kwa mdomo mdogo. Sikubishana naye. Lakini niliondoka na uzito moyoni, maana wanawake wale wawili wameishi nyumba moja miaka mingi na wamezikana wazee wao.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa wadudu, kwa sababu wadudu ndio walioonekana. Nilitwanga majani ya muarobaini, nikayaloweka usiku kucha, nikachuja, nikatia kipande kidogo cha sabuni ya kipande kilichoyeyushwa, na nikanyunyiza baada ya magharibi jua likiwa limekwisha. Baada ya siku 10 vidung'ata walikuwa wamekwisha na sisimizi wamehama. Majani yakaendelea kuungua. Hapo ndipo ningepaswa kusimama nifikiri. Mara nyingi wadudu wa namna ile hustawi kwenye mmea uliokwisha kudhoofika. Unawaua, na kilichoudhoofisha mmea kimebaki palepale.

Kosa la pili lilitoka kitaluni. Nilipeleka jani moja kwa muuzaji, akalitazama na kusema mche una njaa. Aliniuzia mbolea ya chumvichumvi, kijiko kimoja kwa chungu kila wiki. Simlaumu sana. Miche yake yeye ameipanda kwenye udongo mzuri, anaimwagilia maji matamu, na pale kwake ushauri ule unafanya kazi. Lakini hebu lisikilize jina lenyewe: mbolea ya chumvichumvi. Lugha yetu ilikwisha kuniambia nini namimina chunguni, nami sikusikia. Baada ya siku 8 chungu kimoja kilipukutisha karibu majani yote. Khalati aliyaokota roshani moja moja, akayaweka kwenye ungo, hakusema neno.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma, kwa kuwa lilitokana na huruma. Mmea ulikuwa umelegea kama wenye kiu. Nikamwambia khalati aongeze maji, badala ya lita 1 kwa siku iwe lita 2, asubuhi moja na jioni moja. Nilipotia kidole udongoni niliukuta umelowa chepechepe, na bado majani yamelala. Mmea una maji mpaka shingoni na unakufa kwa kiu. Sikuelewa.

Jibu lilikuwa kwenye bakuli la kachumbari muda wote huo. Katakata tango, nyunyizia chumvi, liache dakika 10. Ukirudi utakuta tango limenywea na bakuli lina maji. Maji hutoka penye chumvi chache kwenda penye chumvi nyingi. Mizizi nayo ni hivyo hivyo. Udongo ukiwa na chumvi kuliko mzizi, mzizi hauwezi kuyavuta maji hata ukiwa umezama ndani yake. Na chumvi kidogo inayoingia husafiri na maji mpaka kwenye ncha na kingo za majani, maji yakapotea hewani, chumvi ikabaki. Ule mstari ulionyooka ndipo chumvi ilipofika.

Lakini hilo nililifahamu baadaye. Kilichonifumbua macho ni mvua.

Mvua za kwanza za masika zilianguka kumi la pili la Ramadhani, zikaendelea. Roshani ya khalati ina paa, kwa hiyo vile vyungu viwili havikupata hata tone. Asubuhi ya Idi nilikwenda kuamkia, nikateremka uani kuosha mikono, na pale chini ya mlizamu nikakiona chungu kilichosamehewa. Nilichuchumaa hapohapo na kanzu yangu ya Idi. Kwenye shina lililokuwa kama kijiti kikavu palikuwa na vichipukizi vitatu, vya kijani kibichi chenye wekundu kidogo, jani moja limeshafunguka lote, safi, halina alama hata moja. Udongo wake ulikuwa mweusi, umelowa, na kutoka kwenye ule ufa wa ubavuni maji yalikuwa yakichirizika taratibu.

Asumini mbili zilizotunzwa na watu wawili zinakufa. Iliyotupwa inachipua.

Nikajiuliza zile mbili zina nini ambacho hii haina. Mbolea, ndiyo. Muarobaini. Visahani chini ya vyungu. Na maji. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza khalati swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Unamwagilia maji gani?"

Akanitazama kama niliyepotelewa na akili. "Ya kisima. Maji ya bomba nimwage kwenye maua?"

Na ana haki. Maji ya bomba ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Marere kwenye Shimba Hills, Baricho karibu na mto Sabaki, na huja kwa zamu. Ukiyapata unayakinga kwa kila ndoo na pipa, ni ya kunywa na kupikia. Maji ya kisima ndiyo ya kufulia, kupigia deki na chooni. Kila mwenye nyumba anajua ni ya chumvi, kwa sababu sabuni haitoi povu. Hakuna anayeyanywa. Ila tunaona ajabu kwamba mmea nao hauyapendi.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, uliojaa matundu kama sifongo, na bahari imekizunguka. Maji ya mvua yanayozama hukaa kama tabaka jembamba juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiteka sana, au kaskazi ikipiga miezi kadhaa bila mvua, tabaka lile hupungua na chumvi hupanda. Khalati alipanda Desemba. Kila wiki ya kaskazi ilivyozidi kuwa kavu, ndivyo kisima kilivyozidi kuwa cha chumvi, na ndivyo alivyozidi kumwagilia.

Nilitaka kuona kwa macho. Nilichemsha lita 3 za maji yale kwenye sufuria mpaka yakakauka. Kilichobaki nilikikwangua kwa kijiko: unga mweupe wenye kijivu, kijiko kimoja cha chai kilichojaa sawa, kama gramu 6. Si chumvi ya kula tupu, mna chokaa na magadi ndani yake. Hiyo ni gramu 2 kwa kila lita. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huyaweka maji yaliyozidi kiwango hicho kwenye daraja la hatari kubwa kwa umwagiliaji. Sasa piga hesabu. Hata kwa lita 1 tu kwa siku, siku 100 ni gramu 200. Tukaongeza lita ya pili. Tukaongeza mbolea. Na yote hayo ndani ya chungu cha lita 10.

Shambani chumvi ingezama na mvua ikaisukuma chini. Chunguni haina pa kwenda, na cha khalati kilikuwa na kisahani. Nilipokiinua kisahani nilikuta ukoko mweupe umeganda pande zote, na ukoko huohuo ulikuwa kwenye mdomo wa chungu. Ulikuwa hapo tangu siku ya kwanza, nikadhani ni chokaa ya ukuta. Maji yaliyotoka chini yalikaa kisahanini, udongo ukayanywa tena, chumvi ikarudi.

Visahani hivyo vilikuwa na sababu yake. Kamba ya nguo ya jirani wa chini inapita chini ya roshani, na matone ya matope yaliwahi kudondokea kanga zake alizokwisha kuzifua. Khalati akaweka visahani ili asimuudhi.

Nikateremka kumuuliza jirani kuhusu kile chungu cha uani, maana kitu kimoja hakikuniingia akilini. Kuanzia Januari hadi mvua zilipoanza ni zaidi ya miezi miwili ya ukavu wa kaskazi. Kilinusurikaje? Binti yake ndiye aliyejibu. Kila akiosha mchele humwaga maji pale chini ya mlizamu, "nikaona nikimwagie kile kijiti, Mungu akipenda kitaota." Maji ya kuoshea mchele ni ya bomba. Kila siku, bakuli moja, yakatokea ufani.

Nilipanda ngazi nikamweleza khalati. Alinyamaza kitambo kirefu, akasema tu, "Yule mtoto?"

Kazi ya kuokoa ilikuwa nyepesi kuliko kuielewa. Tuliweka pipa la lita 200 chini ya mlizamu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na upande ule wa paa ni kama mita 20 za mraba, kwa hiyo usiku mmoja wa milimita 10 unalijaza. Pipa tulilifunika kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa kwa kamba, kwani maji yaliyo wazi ni mazalio ya mbu wa dengi, na Mombasa tunaijua homa ile. Kisha nikavipeleka vile vyungu viwili msalani, penye tundu la maji, nikamimina kila kimoja ndoo tatu za mvua, polepole, ndoo moja kisha mapumziko. Maji yaliyotoka chini niliyajaribu kwa sabuni. Ya ndoo ya kwanza yaligoma kabisa, sabuni ikageuka utando. Ya ndoo ya tatu yalitoa povu. Nilifurahi kama mtoto.

Kimoja hakikupona. Ndicho kile kilichopukutika kwa mbolea. Nilipokibidua, mizizi ilikuwa myeusi na inanuka.

Cha pili kiliacha kuungua, lakini majani machanga yakazidi kuwa ya manjano yenye mishipa ya kijani. Hapo nilitambua kwamba tulikuwa na maradhi mawili yaliyovaa nguo moja. Kuungua kingo ni chumvi. Manjano ya namna ile kwenye majani mapya ni kukosa chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni, ila udongo wenye chokaa nyingi hukifunga, mzizi usiweze kukichukua. Khalati alikuwa amechota udongo wake kando ya ukuta uliobomolewa, na chini ya chungu ametandika vifusi vya plasta ili maji yapite. Plasta ya nyumba hizi za kale ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Nilidondosha siki juu ya kipande kimoja, kikachemka mapovu. Kisha nikadondosha kwenye udongo wenyewe, nao ukatoa mapovu madogo. Alikuwa pia amezika misumari yenye kutu, kama alivyofundishwa na mamake, ili mmea upate chuma. Nia njema, lakini chuma kile nacho hufungwa na chokaa ileile.

Tukabadilisha udongo wote. Kaka yangu alituletea gunia la udongo mwekundu kutoka upande wa Kwale, tukachanganya na samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Hapa naomba msomaji awe makini. Makumbi mengi ya pwani huwa yamefukiwa ufukweni ili yatoe usumba wa kusokotea kamba, na hayo yameshiba maji ya bahari. Ukiyatia chunguni umerudisha chumvi kwa mlango wa nyuma. Sisi tulichukua makumbi ya jikoni, tukayaloweka maji ya mvua na kuyakamua mara tatu.

Kufikia nusu ya Mei asumini zote mbili, hii na ile ya uani, zilikuwa zimejaa majani ya kijani kizito. Maua, hakuna hata tumba. Khalati alianza kuhesabu siku za harusi kwa vidole. Hii ilikuwa ajabu ya mwisho, na kwa hili nilikuwa na uhakika: asumini huchanua kwenye ncha za matawi mapya na hutaka jua kwa saa nyingi. Ile ya roshani ilikuwa na jua la asubuhi tu, ile ya uani hata hilo haipati, na samadi ilikuwa imezishibisha majani. Nilizipandisha zote mbili juu ya paa la zege, kwenye matangi, kisha nikachukua mkasi nikakata theluthi ya kila tawi. Khalati alishika kichwa. "Zimetoka kufa juzi, leo wazikata?" Nilimwomba anivumilie wiki tano.

Aliingoja wiki ya tano kwa kupanda ngazi kila asubuhi na goti lake bovu.

Matumba yalikuja baada ya Idi ya Kuchinja, vishada vishada, meupe kama punje za mchele. Siku ya harusi tuliyachuma alasiri yakiwa bado yamefumba, maana asumini hufunguka usiku, na ukichuma lililofunguka tayari utakuta limeanza kuchoka kabla bibi harusi hajatoka ndani. Khalati aliyatandaza juu ya kitambaa kibichi na kuyahesabu. Yalikuwa 63. Ya makoja na ya kutawanya kitandani yalinunuliwa sokoni, hilo halikuwa na budi.

Alikaa sakafuni na rehani na mkadi, akafunga kikuba cha bibi harusi kwa subira ya saa nzima. Yaliyobaki akayafungia kikuba cha pili, kidogo. Mpwa wake wa kike aliinua mkono akidhani ni chake. Khalati alijifunga mtandio, akashika ukuta, na kuteremka nacho ngazi mwenyewe mpaka mlango wa chini. Nilimsikia akibisha hodi na kumuita yule binti kwa jina.